Utafanya Nini Kesho? Mwongozo kwa Anayewaandikia Watu wa Maneromango

Barua ikitoka ofisi ya mkoa Kibaha hupita wilayani Kisarawe, ikateremka hadi kata ya Maneromango, kisha ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo kijijini. Njiani hupata mihuri, saini na "nakala kwa" za kutosha. Kinachopungua ni maana. Anayesimama mbele ya ubao huo, jembe begani au pikipiki ikiunguruma pembeni, husoma mstari wa kwanza, akaruka hadi wa mwisho, halafu akamgeukia aliye karibu: "Hebu nieleze, wanasemaje hapa?" Mwongozo huu ni wako wewe unayeandika kile anachokisoma: mtendaji wa kijiji au wa kata, katibu wa AMCOS (chama cha ushirika) ya korosho, mwalimu mkuu, mweka hazina wa kikoba, mwenye duka anayekopesha, wakala wa benki. Hoja yangu ni moja, na mengine yote yanatoka humo: andiko la ofisi au la biashara ni wazi pale msomaji anapolisoma peke yake akajua afanye nini kesho. Uzuri wa lugha na usanifu wa maneno vina nafasi yake, lakini baadaye.

Ni rahisi kudhani kwamba kazi hii tumekwisha kuimaliza. Baraza la Kiswahili la Taifa lilianzishwa mwaka 1967, na mwaka 2021 Bunge likarekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya kutolea haki mahakamani. Hatua hiyo ilikuwa kubwa, tena ilichelewa. Lakini kwa mtu wa huku Uzaramo, ambaye Kiswahili ni lugha yake ya sokoni, ya msikitini, ya kanisani na ya nyumbani pamoja na Kizaramo, ukuta haukuwa Kiingereza peke yake. Matangazo aliyobandikiwa yalikuwa ya Kiswahili tangu zamani. Kilichomkwaza, na kinachomkwaza hadi leo, ni kile Kiswahili cha kwenye faili: "uhuishaji wa taarifa", "ushirikishwaji wa wadau", "zoezi litafanyika katika ofisi husika". Haya si makosa ya sarufi, na mengine yamo kwenye kamusi. Ubaya wake ni kwamba mtu akiyasoma yote bado yuko palepale alipokuwa. Mwaka 2023 Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa kiwango cha lugha wazi, ISO 24495-1, na ndani yake hutakuta sharti la kuhesabu herufi au kupiga marufuku maneno marefu. Kinataka msomaji apate anachokihitaji, akione kwa urahisi, akielewe, na aweze kukitumia. Hilo la mwisho ndilo tunalolisahau: kukitumia.

Kabla ya kulaumu wizara yoyote, tazama sarufi yetu. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mzigo ambao lugha nyingine huugawia maneno matatu au manne. Sema "tutawalipa": umekwisha kumtaja anayelipa, anayelipwa, wakati na tendo lenyewe, vyote katika neno moja. Andika sasa "malipo yatafanyika". Anayelipa ametoweka, anayelipwa naye hayupo, pamebaki kivuli cha tendo. "Suala hili linafanyiwa kazi": na nani? "Taarifa itatolewa": na nani, kwa nani, lini? Ndiyo maana sikubali wanaosema Kiswahili cha ofisini ni kigumu kwa sababu ni cha kitaalamu. Kingi kati yake si cha kitaalamu hata kidogo; ni Kiswahili kilichovuliwa viambishi vya nafsi, na kuvivua viambishi hivyo ni kumvua mtu wajibu. Kwa hiyo ukimaliza kuandika, pita kwenye kila sentensi ukiuliza: nani, amfanyie nani, nini, lini? Ukikosa jibu la "nani", usikimbilie kubadilisha maneno. Huenda ofisi yenyewe haijaamua nani atafanya, na hapo hakuna mhariri atakayekusaidia.

Kwamba jambo hili si la urembo, wilaya ya Kisarawe inajua kuliko wilaya nyingi. Mwishoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya Uingereza, Sun Biofuels, ilipata hekta zipatazo 8,200 kutoka vijiji 11 vya wilaya hii ili ilime mbono kaburi wa kutengenezea mafuta, kwa haki ya miaka 99. Mwaka 2011 kazi ilisimama, wafanyakazi wakabaki bila ajira. Watafiti na waandishi waliofika vijijini waliandika jambo lilelile mara kwa mara: watu walikuwa wakikumbuka ahadi za zahanati, visima, shule na ajira, lakini nyingi kati ya ahadi hizo zilikuwa za mdomo. Sababu za mradi kuanguka ni nyingi na si zote za lugha. Fedha na soko vina sehemu yake. Hata hivyo, tazama maneno yaliyobeba uamuzi wenyewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu ardhi ya kijiji "kuhawilishwa" iwe "ardhi ya jumla"; eneo likizidi hekta 250, uamuzi hupanda hadi kwa waziri baada ya mkutano mkuu wa kijiji kutoa mapendekezo yake. Mwulize mtu yeyote barabarani "ardhi ya jumla" ni nini. Atakuambia ni ardhi yote kwa pamoja, au atafikiria bei ya jumla na rejareja. Hatakuambia maana ya kisheria, kwamba kijiji hakina tena mamlaka juu yake, na kwamba mwekezaji akiondoka ardhi hairudi kijijini yenyewe. Na kweli haikurudi yenyewe. Sentensi moja tu kwenye muhtasari wa mkutano ingeweza kulisema hilo: "Tukikubali, ardhi hii haitakuwa tena ya kijiji, hata mwekezaji akiondoka." Sisemi watu wangekataa. Huenda wangekubali vilevile, ila wangejua wanakubali nini.

Hesabu nayo imo. Hekta moja ni ekari mbili na nusu hivi. Mkulima wa huku hupima shamba kwa ekari, na wengine kwa idadi ya mikorosho. Hekta 8,200 ni ekari zaidi ya 20,000, na namba hizo mbili haziingii sikioni sawasawa. Ukiandika kipimo, andika kile msomaji anachokitumia, kisha uongeze cha kiserikali ukipenda. Kwa saa ndiyo usiseme. "Mkutano utaanza saa 8:00" ni mtego, kwa sababu aliyeandika alitazama simu inayosema 08:00 asubuhi, naye aliyesoma ataweka kichwani saa nane mchana, akafika watu wakikunja viti. Andika "saa 2 asubuhi", na usiache kamwe kutaja asubuhi, mchana au jioni. Usiandike "Jumanne ijayo" kwenye karatasi itakayokaa ubaoni wiki tatu. Andika Jumanne na tarehe yake. Na fedha iandike ikiwa imekwisha kupigiwa hesabu. Mkopo wa shilingi 200,000 kwa "riba ya asilimia 20 kwa mwezi, miezi mitatu" unasikika mdogo. Mkopo huohuo, ukiandikwa "unachukua 200,000, unarudisha 320,000", unasema kweli yake wazi. Watu wamekwisha kuipa mikopo ya namna hiyo jina la kausha damu, na sehemu ya nguvu ya kausha damu ni kwamba fomu yake haikuandika jumla.

Chukua tangazo la kubuni, la aina unayoifahamu vizuri. "Yah: Uhuishaji wa taarifa. Husika na somo tajwa hapo juu. Wadau wote wa zao la korosho mnatangaziwa kuwa zoezi la uhuishaji wa taarifa kwa ajili ya upatikanaji wa viuatilifu vya ruzuku litafanyika kuanzia saa 2:00 katika ofisi husika. Watakaobainika kutohuisha taarifa zao hawatanufaika." Mwandishi hakudanganya popote, lakini anayelisoma hajui kama yeye ni mdau, hajui siku, hajui ofisi gani, hajui aje na nini, na neno "viuatilifu" huenda asilihusishe na ile salfa anayoisubiri. Sasa liandike kama unamwambia mtu aliyesimama mlangoni pako: "Mkulima wa korosho, ukitaka salfa ya ruzuku msimu huu, njoo ofisi ya kijiji tuandike upya idadi ya mikorosho yako. Tutaandikisha Jumatatu hadi Jumatano," na hapo utaje tarehe, "kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Njoo na kitambulisho cha NIDA au namba yake. Hulipi chochote. Usipokuja, jina lako halitakuwa kwenye orodha. Ukishindwa kuja kwa ugonjwa au safari, mtume ndugu yako na namba yako." La pili ni refu kuliko la kwanza. Nalitaja hilo makusudi, maana wengi hudhani lugha wazi ni kufupisha. Si kufupisha, ni kutoa yasiyomsaidia msomaji na kuweka yale aliyokuwa aje kuyauliza. "Hulipi chochote" ni maneno mawili tu, lakini yanamlinda mtu dhidi ya mjanja atakayesimama mlangoni akidai elfu mbili ya fomu.

Utaona pia kwamba la pili linaanza na kile anachokitaka msomaji, yaani salfa, wakati la kwanza linaanza na kile inachokitaka ofisi, yaani taarifa. Mpangilio huu una uzito kuliko uteuzi wa maneno. Mtu aliyesimama ubaoni anatafuta jambo moja: linanihusu? Mjibu kwenye mstari wa kwanza. Vifungu vya sheria, rejea za barua na kumbukumbu namba ziende chini, zitamfaa mkaguzi.

Pingamizi la kwanza utakalokutana nalo ni la hadhi. Utaambiwa kwamba barua ya serikali iliyoandikwa hivi ni ya kitoto, itadharauliwa. Jibu lake liko kwenye historia yetu wenyewe. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, kwa redio na vikundi vya kusoma vilivyokuwa na vitabu vilivyoandikwa makusudi kwa watu wazima waliojifunza kusoma juzijuzi. Walishiriki watu wapatao milioni 2. Mada zilikuwa malaria, kichocho, maji machafu, kuhara. Mambo ambayo daktari angeweza kuyaandika kwa namna ya kumtoa mtu jasho. Yaliandikwa kwa sentensi ambazo kikundi kingeweza kuzisoma kwa sauti, kujadiliana, kisha kutoka nje na kuchimba choo. Na vyoo vilichimbwa. Sijui nani aliyemdharau mwandishi wa vitabu vile kwa sababu alieleweka. Heshima katika Kiswahili ina mahali pake, napo ni kwenye salamu na namna ya kumwita mtu: Ndugu, Mzee, Bibi, Mheshimiwa Diwani. Anza hivyo, halafu sema jambo lako. Mtu aliyekosa salfa hataona kwamba "husika na somo tajwa" ilimheshimu.

La pili ni la wanasheria, nalo lina uzito zaidi. Wanasema neno la kisheria lina mipaka iliyopimwa, ukilibadilisha umefungua mlango wa kesi. Kweli, na ndiyo maana sikushauri ulifute. Liache neno "kuhawilisha" mahali pake kwenye hati, kisha sentensi inayofuata iseme maana yake kwa mtu wa kijiji hicho. Kinachohitaji usahihi ni istilahi, nazo katika ukurasa mzima ni mbili au tatu. Maneno mengine yote ni mazoea tu. Afrika Kusini ililiweka hili kwenye sheria yake ya kuwalinda walaji ya mwaka 2008: nyaraka wanazopewa wateja ziwe kwa lugha ambayo mteja wa kawaida wa kundi hilo, mwenye kisomo cha wastani, anaweza kuielewa bila kuhangaika. Marekani ilipitisha sheria yake ya maandishi wazi ya ofisi za serikali mwaka 2010. Mahakama za nchi hizo hazikufungwa kwa sababu hiyo. Na kuna upande ambao wanasheria huusahau: mkataba usioeleweka nao huzaa kesi, tena mbaya zaidi, kwa kuwa kila upande huapa kwa dhati kwamba ulikubali jambo tofauti.

Pingamizi la tatu ndilo linaloniumiza kichwa, kwa sababu linatoka kwa watu wema. Mtendaji atakuambia: "Karatasi ni ya kumbukumbu tu, mimi huwaelezea kwa mdomo mkutanoni, na wote wanaelewa." Bila shaka anaeleza vizuri, wengi wao wana ndimi za kuwasha moto. Lakini maelezo ya mdomo huondoka na mwelezaji. Mtendaji huhamishwa, mwenyekiti hushindwa uchaguzi, mwekezaji hubadilisha meneja, karatasi inabaki. Siku ya ugomvi baraza la ardhi litaisoma karatasi, halitamsikiliza aliyehamia Rufiji. Ahadi za visima na zahanati zilipokelewa kwa nia njema, kwa mdomo. Kama maelezo yako mkutanoni ni mazuri kuliko tangazo lako, basi tangazo umekwisha kulipata: andika vilevile ulivyosema. Hata wale wasiojua kusoma wananufaika, kwa sababu mjukuu akiwasomea karatasi iliyo wazi hatahitaji kuitafsiri, na anayesoma bila kutafsiri hana nafasi ya kuongeza chumvi. Kwa anayesema hana muda wa kuandika hivi, namwomba ahesabu muda anaoutumia kujibu swali lilelile mlangoni mwa ofisi siku nzima.

Utajuaje kama umefaulu? Usimwulize mtu "umeelewa?". Kwa adabu yetu atajibu "ndiyo", hasa kama wewe ni ofisa na yeye amekuja na shida. Chukua rasimu yako kabla ya muhuri, uwape watu watano mmojammoja: mkulima, mama ntilie, kijana wa bodaboda, mzee, na mtu aliyemaliza darasa la saba asirudi tena kwenye kitabu. Usiwaeleze lolote. Wakishasoma au kusomewa, uliza: "Kwa karatasi hii, utafanya nini kesho?" Kisha nyamaza. Ugumu ni hapo kwenye kunyamaza, kwa sababu utajikuta unataka kumsaidia, na kila neno utakalotamani kuliongeza kwa mdomo ndilo lililokosekana kwenye karatasi. Wawili wakikwama pamoja, rudi mezani. Usifanye hivi kwa kila barua. Nyingine ni za ofisi kwa ofisi. Fanya kwa zile zinazogusa ardhi, fedha, dawa na tarehe ya mwisho: fomu za mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu, michango ya shule, makato ya korosho kwenye mnada.

Mwisho ni kutambua anayeandika vizuri, jambo ambalo hatulifanyi. Tuna Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoitwa zamani Mabati-Cornell, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere, na ni jambo jema, lakini zote mbili ni za ubunifu: riwaya, ushairi na kadhalika. Aliyeandika tangazo la chanjo lililojaza uwanja wa zahanati hatajwi popote. Kwa wenzetu Uingereza, kampeni ya lugha wazi iliyoanza mwaka 1979 hutoa alama kwa nyaraka zinazoeleweka, na pia tuzo ya dhihaka kwa zilizoshindikana. Ya kwanza tuige. Ya pili, kwa Maneromango, ningeiacha. London ofisi haina sura. Kijijini kila mtu anamjua aliyeandika, anamjua mkewe na watoto wake, na dhihaka ya ubaoni itageuka ugomvi wa msibani. Tangazo baya liandikwe upya bila kumtaja mtu, libandikwe, yaishe.

Tuzo yenyewe haihitaji bajeti ya kutisha. Kamati ya Maendeleo ya Kata inaweza kukusanya matangazo ya mwaka mzima ya vijiji, shule, AMCOS na maduka yanayokopesha, kila moja likiwa limefichwa jina. Waamuzi wasiwe walimu wa Kiswahili. Wawe wale watano wa mtihani, na swali liwe lilelile. Walimu waje baadaye kurekebisha herufi. Ushindi utangazwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, mbele ya watu walioandikiwa, na zawadi iwe ndogo ya kufaa, rimu ya karatasi au kalamu nzuri. Kisha tangazo lililoshinda litiwe kwenye karatasi ya nailoni, jina la mwandishi likionekana chini, na libaki kwenye kona ya ubao hadi mwaka unaofuata, ili mtendaji atakayehamishiwa hapo apate pa kunakili kabla hajafungua faili la mtangulizi wake.